Mate Niliyomunyima Mutoto Wako

Feza mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuuliza afya. Mimi naanza na afya yangu mwenyewe, kwa sababu ndiyo imeleta kimya mu nyumba hii. Niko na kidonda ku mudomo wa juu, ukubwa wa mbegu ya tikiti, na sasa kimefanya ganda la rangi ya chai. Ulikiona, ukaniuliza. Nikakujibu kwamba chai ilinichoma. Feza, tangu mama yako alipotuacha sijakunywa chai ya moto. Naiweka kando ya redio ninayotengeneza, naisahau, kisha naikunywa ikiwa baridi sawa maji ya ziwa. Unajua hivyo kuliko mutu yeyote, kwa sababu ni wewe unayeiweka pale. Hukubisha. Ulichukua tu kikombe ukatoka nacho, na mugongo wako ulisema mambo mengi.

Kesho asubui basi itakutoa hapa Kashikishi, wewe na mutoto na mama mukwe wako, mupaka Solwezi kwa bwana yako. Sitakuandikia namna ya kufunga pesa mu kitambala wala namna ya kuishi na wakwe. Hayo mama yako alikufundisha, na mimi nilikuwa nasikiliza nyuma ya pazia nikijifanya nasikiliza redio. Niko na jambo moja tu: usipande ile basi ukiamini kwamba nilimukataa mutoto wako.

Turudi ku ile siku ya baraka. Kitovu cha mutoto kilikuwa kimeanguka, na Bana Mwape, mama mukwe wako, alikuwa amemutoa inje kwa mara ya kwanza ili aone jua. Alikuwa amefika juzi yake tu kumuona mutoto, na mama ya bwana hafiki kwa wakwe bila macho. Mimi nilikuwa ku meza yangu chini ya bati, redio ya muvuvi mumoja imefunguliwa tumbo mbele yangu. Akaja na mutoto amefungwa mu kitenge kipya, akamunyoosha kwangu namna watu wananyoosha kitu cha kutengeneza.

"Bashi Feza," akasema, "paleni umwana, mukwai." Alikuwa ananiomba nimubariki mutoto.

Kubariki kwa mate ni desturi moja yenye majina mawili, huku kwa Wabemba na kule kwetu Kongo. Muzee anatoa mate kidogo, anayapaka ku paji la uso la mutoto, anasema maneno yake. Baba yangu alinifanyia, mimi nilikufanyia wewe. Hakuna kazi rahisi kuliko ile, haiombi diplome. Na kwa sababu mama yako hayuko tena, ku upande wetu aliyebaki na mate ya kubariki ni mimi peke yangu.

Nikaweka mukono ku mudomo. Nikasema, "Baadaye."

"Baadaye gani?" akasema Bana Mwape. "Ku Kongo munachunga mate namna ya mafuta ya kupika?"

Wanawake waliokuwa wanaanika chisense, wale samaki wadogo, ku jirani wakacheka. Wewe hukucheka. Ulisimama ku mulango ukingoja niseme kitu, na mimi nikachukua turnevisi ya kukaza skrubu nikaanza kuifunga redio ambayo nilikuwa sijaitengeneza.  Bana Mwape akamurudisha mutoto ku kifua chake, akasema kwa sauti ya chini, lakini si chini sana, "Chawama, ni vizuri. Tumeona."

Jioni ulikuja na bukari, ugali wetu. Uliweka sahani, ukabaki umesimama.

"Tata, kama haumutaki mutoto sababu baba yake ni Mubemba, sema. Mi ndipo nitajua. Lakini usimupatishe haya mbele ya watu."

Nikakuambia bukari imekauka kidogo. Ndicho nilichopata cha kusema. Bukari haikuwa imekauka.

Sasa sikiliza kile ambacho haukuona. Haukukiona kwa sababu hakikuwa bado cha kuonekana. Tangu usiku wa kuamkia siku ile mudomo wangu ulikuwa unawasha. Si kuwasha kwa mbu. Ni sawa waya nyembamba yenye moto inayopita chini ya ngozi, sawa vile unagusa betri kwa ulimi ili ujue kama ingali na nguvu. Nimeishi na alama ile tangu utoto. Ikinijia leo, kesho kuna uvimbe mwekundu, kisha malengelenge madogo yanakaa pamoja sawa mayai ya samaki, yanapasuka, yanatoa maji, yanafanya ganda. Maji yale ndiyo yamejaa ugonjwa. Lakini hata kabla ya maji, tangu kuwasha tu, mate yangu si mate ya kupaka mutoto.

Utauliza nani alinifundisha. Nusu ya elimu yangu nimeipata kwa kujaribu redio za watu. Mutu analeta redio bubu, naifungua, naitafuta ulimi, na siku inapoanza kusema, mara nyingi anayesema ni munganga wa hospitali. Shida ya masomo haya ni kwamba redio ikiisha kupona mwenyewe anaichukua, na munganga anaenda naye akiwa katikati ya sentensi. Kwa hiyo najua mwanzo wa magonjwa mengi. Mwisho wake wanaujua wavuvi. Kuhusu kidonda cha mudomo nilisikia kwamba kinaletwa na virusi, jina lake herpesi. Kwamba wengi tunaipata tungali watoto, kwa busu, kwa kikombe, kwa chakula mama anachotafuna kwanza. Kwamba ikiisha kuingia mu mwili haitoki tena. Inalala mu mushipa, inaamuka inapotaka. Na kwamba mutoto muchanga sana... Hapo mwenye redio akafika. Nilimuomba angoje kidogo. Akasema anaenda kuvua, hana wakati wa kungoja ugonjwa.

Tumbo lako lilipokuwa kubwa nikakumbuka ile sentensi. Nilikuambia naenda kutafuta betri. Nilienda kliniki kutafuta mwisho wake.

Sista alikuwa mutu wa maneno machache, na nyuma yangu kulikuwa na safu ndefu ya wagonjwa wa kweli. Nikamuuliza sawa mutu anayeulizia jirani.

"Muzee," akasema, "kwa mutu mukubwa ile ni kidonda tu. Kinauma, kinaleta haya, kinapona chenyewe, juma moja ao mawili. Lakini mutoto wa majuma ya kwanza hana askari mu damu. Ikimuingia haibaki ku mudomo. Inaweza kushuka ku ini, kupanda ku ubongo. Wengine hatuwapati tena."

"Na mate ya kubariki? Kidogo tu, kwa kidole?"

"Virusi haijui kama unabariki."

"Na kidonda kikiisha kukauka?"

"Mupaka ganda lianguke na ngozi iwe nzima. Na hata hapo, mutoto asibusiwe ku mudomo na mutu yeyote. Wakati mungine inatoka bila kidonda. Haipigi hodi." Kisha akaniangalia mudomo, ambao siku ile ulikuwa muzima, na ile alama nyeupe chini ya pua yangu. "Ni jirani gani huyu, Muzee?"

Nilipotoka, ku benchi ya inje alikuwa amekaa musichana, labda umri wako. Walikuwa wamerudi kutoka hospitali kubwa. Kitenge cha kubebea mutoto alikuwa amekikunja vizuri, pembe juu ya pembe, amekiweka ku magoti na mikono yote miwili juu yake, sawa mutu anayechunga kitu kisipeperushwe. Mama yake alikuwa anasema ni jicho la watu, ni mwanamuke fulani wa karibu na kisima, na alikuwa anataja jina. Sikuuliza mutoto yule alikufa na nini, wala hakuna aliyeniambia. Labda ilikuwa malaria. Lakini tangu siku ile sijui kuwaza mutoto muchanga bila kuona namna kile kitenge kilikunjwa.

Ndicho nilichokiona wakati Bana Mwape aliponyoosha mikono yake.

Sasa ulizo lako nalijua, maana ni ulizo la mama yako pia: mbona haukusema? Neno moja lingetosha. "Mudomo wangu unawasha, nitamubariki juma lijalo." Wanawake wa chisense wangeendelea na kazi yao. Nilikuwa na neno lile ku ulimi, na nikalimeza, kwa sababu nimelimeza miaka yote na koo yangu imezoea.

Wakati nilikuwa kijana, kule Pweto, sikukificha kidonda hiki, nilikipiganisha. Nilikipaka dawa ya meno, mudomo ukakauka na kupasuka. Nilikipaka ndimu na chumvi: nililia mimi, kidonda hakikulia. Nilifungua zile kapsuli nyekundu na nyeusi ambazo kila mutu anamwaga unga wake ku kila kidonda, nikatembea na mudomo wa njano sawa mutoto wa ndege. Sista alipolisikia hilo ndipo alicheka kwa mara ya kwanza: dawa ile ni ya vijidudu vingine, virusi inaiangalia tu. Na siku moja nilipaka maji ya betri. Ile alama nyeupe ambayo ulipokuwa mudogo uliwaambia wenzako wa masomo ni ya vita, ni ya betri. Nilikuacha useme. Kila mukimbizi anahitaji alama moja ya vita, na mimi nilikuwa nimekimbia mapema mno, sikupata yangu.

Dawa iko. Inaitwa aciclovir, pomadi, na kuna vidonge kwa anayeugua sana. Inasaidia ukiianza wakati wa kuwasha. Ukingoja ganda, umechelewa. Haifukuzi virusi, inaipunguzia tu safari. Mimi niliijua nikiwa na mvi.

Kisha nikaoa. Hatukumaliza mwaka, mama yako akaamuka na kidonda ku mudomo, mahali pale pale pa kwangu. Nikamuuliza ni mudomo wa nani umefika pale. Ndiyo, Feza, nilimuuliza hivyo, mimi mwenye kujua vitu. Aliniangalia, akafuta mikono yake ku kitenge polepole.

"Tata," akasema, "tangu niolewe haujanipa hata kitambala cha kichwa. Umenipa kitu kimoja tu, na leo unauliza kimetoka kwa nani?"

Alicheka. Mimi sikucheka, nilinuna mupaka kidonda chake kikapona na changu kikaja. Nilikuwa naamini mudomo ni wa mwenyewe. Haikunijia ku akili kwamba mutu anaweza kumupa mwenzake ugonjwa kwa mapendo, bila ubaya wowote, akiwa amefunga macho.

Ku kanisa pia nilishindwa. Kidonda kikiwa kibichi, niliacha kikombe cha meza ya Bwana kinipite, ili nisiwaachie wengine. Mara ya kwanza, shemasi aliniangalia. Mara ya pili, muchungaji aliniita kando, akaniuliza ni zambi gani ninayoficha. Nikasema ni mudomo. Akasema wote wanasema ni kitu kingine. Niliona kwamba kweli haitatosha, nikamutafutia zambi. Nilikubali kwamba niliwahi kuuza redio nikijua haitafika Krismasi. Alifurahi, akaniombea. Tangu hapo nikajifunza somo baya: ni afazali watu wafikiri uko mutu mubaya kuliko wajue uko na kidonda.

Na tulipovuka kuja Zambia likawa baya zaidi. Wewe ulikuwa ku mugongo wa mama yako, haukumbuki. Hofu na jua la ziwa vilinifanya mudomo wote kuwa vidonda. Nilikuwa nimeanza tu kazi hapa soko. Mwanamuke mumoja aliyekuja kuchukua redio yake hakuipokea ku mukono wangu. Aliniomba niiweke chini, kisha akaiokota kwa pembe ya kitenge. Hakunitukana. Lakini baada ya siku chache watu walikuwa wanasema Mukongomani amekuja na ule ugonjwa mukubwa. Si ule, na hauna undugu nao, lakini utamuelezea nani, kwa luga gani, na mudomo gani? Mutu aliyevuka na fuko moja hana kitu kingine cha kupoteza ila sura yake.

Ndipo nikaanza kwenda ku kisiwa. Unakumbuka safari zangu za Chisenga. Kila mudomo ulipoanza kuwasha nilikusanya vyombo vyangu, nikasema wavuvi wa kisiwa wananiita, nikaenda, nikarudi ganda likiisha kuanguka. Nilijiona mwerevu sana. Nilikuwa nawalinda ninyi na ugonjwa, nalinda jina langu, na napata kazi, yote kwa mashua moja.

Kuna siku ulikuwa mudogo, meno ya mbele yameanguka. Ulichukua redio ya muteja ku meza yangu, ukaenda nayo ku maji, ukaisugua na sabuni na muchanga mupaka ikang'aa, ukanirudishia ukiwa umeibeba ku kichwa. "Tata, nimekusaidia." Maji yalikuwa yanatoka ku matundu ya sauti. Sikukupiga, sikukukemea. Nilicheka hata, nilicheka kwa ndani. Lakini mudomo wangu ulikuwa umeanza kuwasha tangu jana yake, na kesho yake ulipoamuka nilikuwa nimeenda kisiwa.

Haukugusa tena kitu changu. Nilifikiri umekuwa na akili. Ilikuwa lazima mama yako alale ku kitanda ambacho hakuondoka tena, ili aniambie. "Ile siku ya redio," akasema, "mutoto alikaa ku pwani mupaka giza. Aliniuliza kama utarudi akifua zingine vizuri. Kila ukienda kule, anahesabu alichokosa. Na wewe unaenda kwa sababu ya mudomo." Nilimuahidi nitakuambia. Alikufa akiwa na ahadi yangu. Mimi nikatokwa na kidonda kwa sababu ya kilio chake, na badala ya kukuambia, nikaenda kisiwa tena. Nilikuacha na matanga na sufuria za watu.

Sikuandiki haya ili unihurumie. Nakuandikia ili ujue kwamba ile siku ya baraka ulinisoma vizuri sana, kwa kitabu ambacho mimi mwenyewe nilikuandikia, na kila neno la kile kitabu lilikuwa kosa langu. Nilipoweka mukono ku mudomo na kugeuka, uliona baba anayekimbia mutoto wake. Ulikuwa umezoea kumuona.

Sasa nikuambie kitu ambacho redio haikuniambia, nimekichunguza mwenyewe. Kidonda hiki kinaamushwa na jua la ziwa, na upepo wa baridi wa mwezi wa sita, na homa yoyote. Lakini zaidi ya vyote kinaamushwa na huzuni. Kilitoka tulipovuka. Kilitoka wakati wa mama yako, ambapo watu waliona sikulia, na wengine walilisema wakiwa wanakula ku kilio chenyewe. Na jioni ya kuamkia ile siku ya baraka, wakati bwana yako Mwape alipopiga simu kwamba kazi imepatikana, muke wake aje na mutoto, wewe ulinipa simu, nikasema, "Bon, aende kwa bwana yake, ndiyo ndoa," nikaendelea kuyeyusha risasi ya kuunga waya. Uliniangalia. Uliona mutu ambaye binti yake anaenda na yeye anafikiri waya.

Usiku ule ule mudomo ulianza kuwasha.

Uso wangu haujui kusema, Feza. Ni uso wa mutu wa soko. Mungu aliniachia mahali padogo tu panapotoa kweli, na panaitoa kwa malengelenge. Kwa hiyo, ukitaka kujua kama baba yako alijali uende, usiulize nilisema nini. Uliona ganda.

Na wewe pia uko na virusi hii. Mimi nilikupa, nilikuwa nakubusu ungali mudogo sana, kabla sijajua sentensi yoyote, na bahati ilikuchunga kuliko mimi. Siku utakapofika Solwezi, na baridi ya kule, na nyumba ya watu, mudomo wako utawasha. Usishangae, usiseme umerogwa, na bwana yako asiulize ni mudomo wa nani. Usikitoboe, usikiguse kisha ukaguse jicho, kwani inaweza kuharibu jicho kabisa. Funika mudomo, nawa mikono kabla ya kumushika mutoto, usimubusu. Titi umupe, isipokuwa kidonda kikitoka ku titi lenyewe, lile usimupe. Sista alisema mama aliye nayo tangu zamani amemupa mutoto askari kidogo mu damu. Kidogo si ukuta. Ukiona malengelenge ku ngozi yake ao mudomoni, ao akichemuka kwa homa, akikataa titi, akilala usingizi usioamushika, usingoje asubui na usitafute jicho la nani. Umupeleke hospitali saa ile ile, uwaambie neno hili, herpesi, hata kama wamechoka. Wakikuuliza nani alikufundisha, sema fundi wa redio.

Bana Mwape usimugombanishe. Si mutu mubaya; alitaka mutoto wa mwana wake abarikiwe na pande zote mbili, na mimi nilimuonyesha mugongo. Kule Solwezi watakuja mashangazi na midomo yao, na kila mumoja ana mate yake. Ukiwakataza watasema umejifunza kiburi kwa baba yako, na hawatakosea sana. Sasa mimi nimefikiri njia, na nimeifikiri kwa muda murefu kuliko redio yoyote. Waambie kwetu mutoto muchanga hapakwi mate ku uso. Waambie kwetu muzee anatema mate chini, mbele ya mulango, na mama anapita juu yake na mutoto ku mugongo, ili baraka itangulie njia. Waambie ndiyo desturi ya baba yako. Hakuna atakayekuja Kashikishi kuhakikisha.

Na ili usiwe muongo, nitaifanya iwe kweli.

Kesho, kabla haujamufunga mutoto, nitakuwa nimetoka. Usinitafute ku nyumba. Nitakuwa ng'ambo ya barabara, karibu na wauza makaa, na kitambala ku mudomo. Si kisiwani. Unaweza kuniona kutoka ku mulango ukiangalia. Pale chini ya kizingiti, upande wa inje, utaona mahali muchanga umelowa. Ni mate yangu. Nitakuwa nimesema juu yake maneno ambayo baba yangu alisema juu yangu: nenda, njia ikujue, maji yasikukatae, ukirudi utukute, usipotukuta ukute jina letu. Nitakuwa nimetaja jina la mutoto, ambalo tangu azaliwe haujanisikia nikilitaja. Nimekuwa nikilitaja ku meza yangu, redio zikiwa zimezimwa.

Pita pale polepole. Vaa viatu, mimi ni mutu wa desturi, lakini nilimusikiliza sista pia. Bana Mwape akiuliza kwa nini umesimama, mwambie unafunga kitenge vizuri.

Jua litapakausha kabla hamujafika Mwansabombwe. Haizuru. Mutakuwa mumepita.

Baba yako